Wachuuzi wa majibu na msomi wa Matongo

Umezuka nchini uchuuzi wa aina mpya, nao umeota mizizi katika vyuo vyetu vikuu kwa kasi ya magugu wakati wa masika. Bidhaa inayouzwa ni majibu. Kijana wa mwaka wa tatu anayesomea uhasibu, fedha au sayansi ya kompyuta hupelekewa ujumbe katika simu yake ukimwarifu kwamba, kwa shilingi elfu chache tu, atapatiwa maswali yote "yanayotoka" katika usaili wa benki fulani au kampuni fulani ya simu, pamoja na majibu yake. Juu ya hayo ataongezewa mafundisho ya namna ya kuketi, namna ya kushika mikono, namna ya kutabasamu, na namna ya kusema uongo wenye adabu pale jopo litakapomwuliza udhaifu wake ni upi. Mchuuzi huyo hana duka wala leseni. Wala hapana amwulizaye ni lini yeye mwenyewe aliketi katika kiti hicho akafaulu.

Si ajabu kwamba soko lake limejaa. Mwanzoni mwa mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania ilitangaza nafasi 1,596 za kazi. Walioomba walizidi 135,000. Maana yake ni kwamba kila kiti kimoja kiligombewa na watu zaidi ya 80. Hata walimu, ambao kwa miaka mingi walipangiwa shule bila kuhojiwa na mtu, nao wameanza kuitwa kwenye usaili. Mfa maji haachi kutapatapa, na mchuuzi wa majibu anaielewa methali hiyo kuliko mwalimu wa Kiswahili.

Lakini hasara ya uchuuzi huu haigawanyiki sawa kwa sawa. Mtoto wa bwana mkubwa wa Masaki akinunua majibu yasiyofaa, atajaribu tena mwezi ujao, na huenda baba yake ana rafiki mahali fulani. Hasara yenyewe humwangukia kijana wa mahali kama Matongo.

Matongo ni kata ya Wilaya ya Tarime, mkoani Mara, katika nchi ya vilima iliyo karibu na Mto Mara, na ng'ambo ya mto huo ni Serengeti. Ni jirani wa mgodi wa dhahabu wa North Mara, ulioanza uzalishaji wa kibiashara mwaka 2002, ukapita mikononi mwa makampuni kadhaa ya kigeni, hata yakafikiwa makubaliano ya Januari 2020 ambayo yaliipa Serikali hisa za asilimia 16 chini ya kampuni ya Twiga. Wazee wa huko ni wakulima wa mahindi, mihogo na ulezi, na ni wafugaji. Kwa Mkurya ng'ombe ni akiba, ni mahari, ni heshima ya ukoo. Basi ng'ombe anapotolewa zizini kwenda mnadani ili mtoto aende Dodoma au Dar es Salaam kusomea uhasibu, nyumba nzima imekwishaketi na kukubaliana. Miaka mitatu baadaye kijana anarudi na joho lililopigwa picha, na deni la Bodi ya Mikopo ambalo, akipata ajira, litakatwa asilimia 15 ya mshahara wake kila mwezi. Mzee anamwuliza jioni: "Mura, umepata?" Kijana hana jibu. Ana kitabu cha majibu yote isipokuwa hilo.

Wapo wanaodai kwamba kosa ni la kijana mwenyewe. Husema, wakiwa wameketi katika viti vya kuzunguka, kwamba wahitimu wa siku hizi ni wavivu, hawajui kujieleza, hawana "uzoefu". Madai hayo yanastahili kujibiwa bila haya.

Historia ya nchi hii inaonyesha jambo jingine. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza mwaka 1961 na darasa moja la sheria katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, na kwa muda mrefu baada ya hapo, mhitimu hakuzunguka na bahasha. Serikali ilijua inahitaji wahandisi wangapi na wachumi wangapi, ikawapangia kazi. Mabenki yalipotaifishwa Februari 6, 1967, siku moja baada ya Azimio la Arusha kutangazwa, walikuwako mabwana waliotabiri kwamba vitabu vya hesabu vitavurugika kabla ya mwisho wa mwaka. Benki ya Taifa ya Biashara iliundwa, ikawekwa chini ya Ndugu Amon Nsekela, na vijana wa Kitanzania wakaziba nafasi za wageni waliofungasha mizigo. Hawakuwa na uzoefu wa miaka mitano. Uzoefu waliupata pale pale kaunta, kwa kufundishwa, kwa kukosea na kusahihishwa. Mwaka 1972 kikaanzishwa Chuo cha Usimamizi wa Fedha, na mwaka huo huo ikatungwa sheria iliyozaa Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu. Yaani taifa lilipotaka wahasibu liliwatengeneza.

Tena lipo Azimio la Musoma la Novemba 1974, ambalo watu wa Mara wana haki ya kulikumbuka zaidi ya wengine. Azimio hilo liliagiza kwamba kijana wa kidato cha sita asiende moja kwa moja chuo kikuu. Kwanza afanye kazi, na wale aliofanya nao kazi watoe maoni juu yake. Sharti hilo lilikuwa na taabu zake, na lililegezwa hatua kwa hatua mpaka likaachwa. Wazo lililokuwa ndani yake, hata hivyo, lilikuwa zito: kwamba mtu hapimwi kwa dakika ishirini za mazungumzo, hupimwa kwa kazi aliyoonekana akiifanya.

Katika miaka ya 1990 Serikali ilipunguza watumishi na kusimamisha ajira, mashirika ya umma yakauzwa, na mpango wa kumpangia mhitimu kazi ukafa bila mazishi. Hakuna aliyekwenda vyuoni kuwaambia wahadhiri kwamba tangu leo mwanafunzi atakwenda sokoni peke yake, basi mfundisheni njia ya soko. Vyuo viliendelea kufundisha kana kwamba barua ya kupangiwa kazi bado inakuja. Katika pengo hilo ndimo alimoingia mchuuzi wa majibu.

Sasa itazamwe bidhaa yake. Msailiwa wa fedha anauziwa kwamba akiulizwa "usuluhisho wa benki ni nini," ajibu kwa maneno haya na haya. Anayakariri. Siku ya usaili jopo halimwulizi maana, linampa karatasi. Daftari la fedha la ofisi linaonyesha salio la shilingi 8,400,000. Taarifa ya benki inaonyesha 9,100,000. Ipo hundi ya 900,000 iliyotolewa lakini mwenyewe hajaipeleka benki. Zipo 150,000 zilizopelekwa benki jioni ya siku ya mwisho wa mwezi, hazijaonekana katika taarifa. Yapo makato ya benki ya 50,000 ambayo mtunza daftari hakuyaandika. Je, ofisi ina fedha kiasi gani? Aliyekariri maana anatokwa jasho. Aliyewahi kukaa hata wiki mbili na karani wa fedha wa halmashauri anaona mara moja kwamba daftari linapaswa kupunguzwa 50,000, na taarifa ya benki ipunguzwe hundi na kuongezwa fedha zilizo njiani, na pande zote mbili zikutane kwenye 8,350,000. Jibu hilo haliuzwi kwa sababu tarakimu hubadilika kila mara. Linalobaki ni akili ya kujua kila shilingi imetoka wapi na imekwenda wapi, akili ambayo mtawa wa Kiitalia, Luca Pacioli, aliieleza katika kitabu kilichochapwa Venice mwaka 1494, na ambayo hadi leo haijapata mbadala.

Hali ni hiyo hiyo kwa upande wa teknolojia, tena huko udanganyifu ni mkubwa zaidi kwa sababu maneno ni mageni na huwatisha watu. Kijana anakaririshwa majina ya lugha za kompyuta kumi na mbili. Kisha anaketi mbele ya jopo la kampuni inayoendesha huduma ya fedha kwa simu, na mhandisi mmoja, mwenye sauti ya upole, anamwuliza hivi: mama mmoja wa Nyamongo anamtumia mwanawe aliyeko Dodoma shilingi 50,000. Ameandika namba ya siri, mtandao ukakatika, simu haikusema lolote. Amesubiri kidogo, akatuma tena. Mfumo utajuaje kwamba anataka kutuma 50,000 mara moja, na si 100,000?

Katika swali hilo moja imo elimu nzima. Kijana aliyeelewa atasema kwamba kila ombi la malipo linapaswa kuzaliwa na namba yake ya kumbukumbu, ambayo haifanani na nyingine. Kwamba simu ikirudia kutuma ombi lile lile baada ya mtandao kurejea, mtambo mkuu utaiona namba ile, utakumbuka kuwa ulikwishaitekeleza, na utarudisha jibu la kwanza bila kukata fedha mara ya pili. Kisha atasita, kwa kuwa ameona shimo: mama ameandika upya kwa mkono wake, kwa hiyo ombi la pili limezaliwa na namba mpya. Hapo itabidi mfumo umwulize, "Umetuma kiasi hiki kwa namba hii muda mfupi uliopita, je, unataka kutuma tena?" Na ataongeza kwamba kutoa katika akaunti ya mama na kuingiza katika akaunti ya mwana ni lazima yatendeke yote mawili au lisitendeke hata moja, kwani fedha iliyotoka upande mmoja bila kufika upande wa pili ni fedha iliyopotea, na aliyepoteza ni mama. Hapo mhasibu na mtu wa kompyuta wanajikuta wanazungumza lugha moja.

Nani ameishi na swali hilo kuliko mtoto wa Matongo? Yeye ndiye aliyetumwa na mama kwenda kwa wakala kuuliza kama fedha imefika. Yeye ndiye aliyeuona uso wa mama wakati simu ilipokuwa kimya. Lakini mchuuzi amemfundisha kuyasahau yote hayo, avae tai, na aseme kwamba ndoto yake tangu utotoni ni "kuchangia ukuaji wa taasisi".

Nchi hii imewahi kuonja matunda ya kununua kitu usichokielewa. Wizara ya Fedha ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, mashine ikanunuliwa kabla ya watu wa kuitawala kuwa tayari, matatizo yakarundikana, hata mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na televisheni. Marufuku hayo yalilegea baadaye na leo hakuna ofisi isiyo na kompyuta. Lakini gharama ya miaka iliyopotea ililipwa na kizazi kizima. Kijana anayenunua majibu asiyoyaelewa anairudia hadithi hiyo ndani ya kichwa chake mwenyewe.

Sasa turudi Matongo, kwa maana huko ndiko ulipo ukweli ambao wachuuzi hawauoni. Kijana wa kata hiyo amezaliwa ndani ya darasa la fedha. Sheria ya mwaka 2017 ilipandisha mrabaha wa dhahabu kutoka asilimia 4 hadi 6, na pamoja na mrabaha ikawekwa ada ya ukaguzi ya asilimia 1. Ushuru wa huduma unaolipwa kwa halmashauri kutokana na mauzo kwa miaka mingi umehesabiwa kwa asilimia 0.3. Anayejua kuhesabu ataona kwamba mauzo ya shilingi 1,000,000,000 yanatoa mrabaha wa 60,000,000 kwa Serikali Kuu, na kwa kiwango hicho cha ushuru yanaiachia halmashauri 3,000,000. Sheria hiyo hiyo ya mwaka 2017 inautaka mgodi uwe na mpango wa kila mwaka wa kuihudumia jamii, ulioafikiwa na serikali za mitaa. Kwa hiyo kila darasa lililojengwa kando ya mgodi, kila zahanati, kila bomba la maji lina zabuni, lina makadirio, lina hati ya malipo, lina mkandarasi aliyemaliza au aliyekimbia. Kila mwaka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hutoa taarifa juu ya fedha za halmashauri, na taarifa hiyo huwekwa wazi, haiuzwi.

Basi msomi wa uhasibu kutoka Matongo aliyeketi likizo moja akasoma taarifa ya Mkaguzi Mkuu, akaulinganisha ukurasa unaohusu halmashauri yake na majengo anayoyaona kwa macho, akaandika kurasa nne za maswali, huyo amejiandaa kwa usaili wa benki yoyote. Akiulizwa maana ya udhibiti wa ndani, hatakariri. Atasema: ipo nyumba ya mwalimu ambayo hati inasema imekamilika nayo haina paa, aliyetia sahihi ya kuikamilisha ndiye pia aliyepaswa kuikagua, udhibiti wa ndani ni kuwatenganisha watu hao wawili. Jopo litanyamaza kidogo, kisha litaandika.

Lakini kijana hafanyi hivyo, na hapa lazima isemwe sababu chungu. Anaona haya. Akiulizwa anatoka wapi hujibu, "Kanda ya Ziwa." Akibanwa, husema Musoma. Jina la Nyamongo limekwishachafuliwa masikioni mwa watu wa mijini kwa habari za uvamizi wa mgodi, mawe, risasi na wizi wa mifugo, na yeye anaogopa kwamba akilitaja, mbele ya jopo hataonekana mhasibu. Ataonekana mvamizi aliyeazima koti. Hofu hiyo haikutokea hewani. Ipo kasumba katika baadhi ya ofisi inayosema Mkurya ni mtu wa jeshi na polisi, mkali, mbishi, na kwamba fedha na kompyuta ni za watu wa makabila "ya kusoma". Ipo kasumba nyingine inayoipima akili kwa lafudhi ya Kiingereza, hata kijana anayetamka "r" kwa nguvu za kwao anaonekana mzito wa kufikiri. Kasumba hiyo ni mabaki ya ukoloni, na anayeitumia kuchagua wafanyakazi anaiba mali ya mwajiri wake, kwa kuwa anawakataa wenye uwezo na kuwaajiri wenye sauti.

Wanaojiita wa kisasa hupenda kuiga Marekani; basi na waige na toba ya Marekani. Kwa miaka mingi makampuni makubwa ya teknolojia huko yaliwauliza wasailiwa mafumbo: kwa nini mfuniko wa chemba ya barabarani ni wa duara, ndege moja huchukua mipira mingapi ya gofu. Mwaka 2013 Laszlo Bock, aliyekuwa mkuu wa mambo ya watumishi wa Google, alikiri hadharani kwamba mafumbo yale yalikuwa upotevu wa muda na hayakutabiri lolote. Mapema zaidi, mwaka 1998, watafiti Frank Schmidt na John Hunter walikusanya matokeo ya utafiti wa miaka 85 na kuonyesha kwamba kumpa mtu sehemu ya kazi yenyewe aifanye, na kuwauliza wasailiwa wote maswali yale yale kwa utaratibu uliopangwa, hutabiri utendaji vizuri kuliko mazungumzo huria, ambamo kila msaili huuliza lililomjia kichwani. Mazungumzo huria ndiyo kichaka cha kasumba. Jopo linalomwuliza mtoto wa mkubwa habari za mpira na kumwuliza mtoto wa mkulima habari za kiwango cha kimataifa cha utoaji wa taarifa za fedha halifanyi usaili. Linafanya sherehe ya kumpokea mmoja na kumfukuza mwingine.

Vyuo navyo visijifiche nyuma ya joho. Kila mwaka wanafunzi hupelekwa kwenye mafunzo kwa vitendo kwa wiki nane au zaidi. Katika ofisi ngapi mwanafunzi hukabidhiwa kazi, na katika ngapi hutumwa chai na kutoa fotokopi? Mwishoni kitabu chake cha kumbukumbu hutiwa sahihi mahali pote kwa kalamu moja na siku moja, msimamizi kutoka chuoni hupita kwa saa moja akiwa na haraka ya kwenda kituo kingine, na alama hutolewa. Mwanafunzi huyo akitoka hapo anaandika katika wasifu wake kwamba ana uzoefu wa kuandaa taarifa za fedha. Nani aliyemfundisha kudanganya kwanza, mchuuzi au chuo? Mitihani nayo, kwa sehemu kubwa, humtaka arudishe alichoandikiwa ubaoni. Mtu aliyekaririshwa kwa miaka mitatu akinunua cha kukariri kwa wiki moja ya mwisho, anaendeleza somo alilofundishwa.

Na maonyesho ya ajira, ambayo mabenki na makampuni huyaandaa kwa mabango na fulana, yanafanyika wapi? Dar es Salaam, na Dodoma kidogo. Mhitimu aliyerudi Matongo kwa kukosa kodi ya chumba mjini husikia habari zake baada ya siku tatu. Akiitwa kwenye usaili mjini Mwanza, ni nauli ya basi, ni malazi, ni chakula; akiitwa Dar es Salaam, ni ng'ombe mwingine. Ikiwa mtihani wa mchujo unafanywa kwa kompyuta, haieleweki kwa nini usifanyiwe katika chumba chenye kompyuta Tarime mjini, chini ya usimamizi. Benki inayoweza kufungua tawi mahali ili kupokea amana za watu haiwezi kushindwa kufungua mlango wa tawi hilo hilo Jumamosi moja kwa mwaka ili kuwapima watoto wa wenye amana hizo.

Kuhusu wale wanaotoza fedha kwa ahadi ya "kumwingiza" mtu kazini, hakuna haja ya maneno mengi. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma huwaonya wananchi kwamba ajira haziuzwi. Anayeziuza ni tapeli, na mahali pa tapeli panajulikana.

Iko kazi inayoweza kufanywa Matongo kwenyewe bila kungoja mtu wa Dar es Salaam. Wahitimu waliorudi, ambao leo wanashinda vijiweni wakisubiri simu, wakutane mara mbili kwa wiki katika darasa la shule baada ya masomo. Mmoja awe msaili, wawili wawe wasailiwa, wengine wasikilize na kukosoa bila kumwonea mtu haya. Watumie karatasi na chaki. Hata programu ya kompyuta inaweza kuandikwa kwa chaki, na mara nyingi ndivyo msailiwa anavyotakiwa kuiandika. Aulizwe namna ya kutafuta jina moja katika orodha ya majina 1,000,000 yaliyopangwa kwa alfabeti, aeleze kwa nini akiigawa orodha nusu kwa nusu atalipata kwa hatua zisizozidi 20. Aeleze kwa Kiswahili kwanza mpaka bibi yake aelewe, ndipo aeleze kwa Kiingereza. Anayeshindwa kulieleza jambo kwa lugha aliyoizoea hajalielewa, na Kiingereza kitamsaidia kuficha kwa dakika tano tu. Kundi kama hilo halihitaji mfadhili, halihitaji uzinduzi, wala halihitaji mgeni rasmi.

Lakini lipo lisilowezekana bila wenye mamlaka. Kundi hilo linahitaji hesabu za kweli za kufanyia mazoezi: hati za malipo zilizofungwa, madaftari ya miaka iliyopita yaliyokwisha kukaguliwa, orodha za ghala, kumbukumbu za mitambo ya kompyuta zilizoondolewa majina ya watu. Linahitaji nafasi za mafunzo kwa vitendo zilizo karibu na nyumbani, ambazo mwanafunzi atakabidhiwa kazi na kuulizwa matokeo yake. Mgodi una idara ya fedha, una ghala, una mifumo ya kompyuta, una wakandarasi wanaodai na kulipwa kila siku. Halmashauri ina mweka hazina, mkaguzi wa ndani na ofisa wa TEHAMA. Yote hayo yako umbali ambao mtoto wa Matongo anaweza kwenda na kurudi nyumbani bila kupanga chumba.

Mpango wa kuihudumia jamii huandaliwa kila mwaka na hauwezi kupita bila kuafikiwa na halmashauri. Utakapoletwa tena mezani Tarime, madiwani wa kata zinazouzunguka mgodi, Matongo ikiwamo, walisome fungu la elimu mstari kwa mstari na waulize lina nini zaidi ya saruji na madawati: ni wanafunzi wangapi wa uhasibu na wa kompyuta watakaopokewa mwaka huu, katika ofisi zipi, kwa wiki ngapi, nauli yao italipwa na nani, na ni nani atakayetia sahihi kwamba walifanya kazi.